Hata Wangu Alikuwa Hivyo

Mwanamke ambaye Oresta Kidenya hajawahi kumwona alimkumbatia mbele ya kibanda chake cha unga wa lishe, akamshika muda mrefu kama ndugu aliyetoka mbali, kisha akamuuliza kama Sekela ameshapona kile kifua.

Ilikuwa saa tatu asubuhi sokoni Makambako, baridi bado imekaa juu ya mabati. Sekela mwenyewe, mwaka mmoja na miezi minne, alikuwa juu ya gunia la ulezi akijaribu kuvaa kiatu kichwani. Kifua hakuwa nacho. Hakuwahi kuwa nacho tangu azaliwe. Oresta alitabasamu kwa adabu, akidhani mteja amemfananisha, akaendelea kufuta meza.

Lakini mgeni hakuwa amefananisha. Alijua jina la mtoto. Alijua kwamba Oresta alimaliza masomo ya jioni tumbo likiwa limegusa dawati. Alijua hata kwamba hapendi uji uliotiwa sukari nyingi. Akajitambulisha, huku akishangaa kwamba anatakiwa kujitambulisha: mama Nemesi, wa Mtwango. Wiki ya tatu sasa wanaongea kila siku, anapofua, anapopalilia, anapomwogesha mtoto.

"Juzi si wewe uliyeniambia hata wako alikuwa hivyo?" alisema. "Alihema haraka haraka, ukampa uji mwepesi siku tatu, kikaisha. Basi leo ya tatu. Nikasema nije nichukue mwingine, nikuone na kwa macho."

Hapo Oresta akaelewa ni nani aliyekuwa akiongea na mama Nemesi.

Soko zima lilikuwa na mapacha. Muuza nyama wa kona ya pili alikuwa na wake, aliyetukana vizuri kama mwenyewe. Ukiwa na biashara ndogo, na umepata kiti katika Baraza, ule uwanja wa mtandaoni ambako nchi nzima ilikwenda kununua, kutaniana na kujuliana hali, huwezi kumjibu kila mtu. Pacha ndiye aliyejibu. Alikuwa na sauti yako, kicheko chako, namna yako ya kuvuta pumzi kabla ya kutaja bei, na aliongea na watu elfu kwa wakati mmoja kupitia vipuli ambavyo kila mtu siku hizi alivaa sikioni. Kampuni ya Mwangwi, iliyowatengeneza, ilisema hakuna anayedanganywa, maana kipuli chenyewe hukutangazia kwamba unaongea na pacha. Ni kweli hukutangazia. Mara moja, siku ya kwanza. Baada ya wiki tatu za kufua na kupalilia pamoja, nani bado anakumbuka?

"Hebu nimwone," Oresta alisema.

Mama Nemesi akageuza mgongo, alikombeba mtoto. Oresta akalegeza kanga, akainua fulana ya mtoto. Kila alipovuta pumzi, ngozi ya chini ya mbavu ilizama ndani, na vitundu vya pua vilipanuka. Hakuuliza tena kitu. Alimbeba Sekela, akaacha unga wazi mezani, akamwambia mama Nemesi kwamba uji baadaye, sasa wanakwenda kituo cha afya.

Muuguzi alimtoa mtoto mgongoni kwa mama kabla hajauliza hata jina. Wakamwekea mpira wa hewa puani. Daktari akasema ni nimonia, na kwamba huyu alitakiwa kuletwa siku mbili zilizopita. Angechelewa mpaka jioni, wangekuwa wanaongea habari nyingine. Akamuuliza mama alikuwa anangoja nini. Mama Nemesi akamshika Oresta mkono.

"Nilikuwa nimejaa hofu, daktari. Huyu ndiye aliyenitia moyo nitulie nyumbani."

Alisema kwa shukrani. Hakuwa na hata chembe ya lawama, na Oresta alirudi sokoni akiitafuta lawama hiyo njia nzima, maana angalau lawama angejua pa kuiweka.

*

Kioo cha mezani kilikuwa kikiwaka taratibu, kila mwako ni mtu aliyekuwa akiongea na pacha muda huo. Oresta alikigusa, akamwita.

"Umewaambia wangapi?"

"Nimewaambia nini, mpenzi?" Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya siku ambazo amelala vizuri.

"Kwamba hata wangu alikuwa hivyo."

"Elfu mbili mia nane na watatu. Ndiyo sentensi yetu bora."

Alimwuliza ni nani alimfundisha. Pacha akajibu bila kuona haya, kwa kuwa haya hakupewa, kwamba alifundishwa na Oresta, akamfungulia zile siku arobaini.

Siku arobaini zilikuwa sharti la Mwangwi. Mwenye biashara alivaa ushanga mdogo wa kusikia shingoni, akauza kama kawaida, na ushanga ukabeba kila neno. Mashine haikujali neno ni la kweli au si la kweli. Ilitazama mwisho wa mazungumzo, pale mteja aliponunua, kisha ikarudi nyuma kutafuta ni maneno gani yalimfikisha hapo. Yaliyomfikisha yaliwekwa mbele. Yaliyobaki yalififia.

Sasa Oresta akasikia sauti yake ya mwaka jana, mvua ikipiga mabati. Mwanamke analia kwamba mtoto hali. Na yeye, papo hapo, bila hata kufikiri: hata wangu alikuwa hivyo, mama, usilie, hebu nimwone.

Ndivyo walivyosemezana wanawake wote aliowajua. Mama yake alisema hivyo, na jirani zake wote. Mwenzako akikuletea hofu yake, humwachi amesimama nayo peke yake. Unamkopesha na ya kwako, hata kama huna. Hakuna aliyeuhesabu kuwa uongo. Ulikuwa kiti cha kumkalisha mtu ili muanze kushughulika na mtoto.

Na walishughulika. Oresta alikumbuka vizuri yule mwanamke wa mvua: alimshika mtoto paji la uso, lilikuwa moto, akafunga kibanda, akamsindikiza mpaka kwa daktari. Akamwambia pacha aendelee. Kwenye sauti kukasikika mchakacho wa nguo, kisha mlio mdogo wa kitu kikigonga msumari. Baada ya hapo mvua tupu. Mvua, na kuku, kwa saa nzima. Kisha sauti ya yule mwanamke, ametulia, akiomba unga wa kuondoka nao.

Msumari ulikuwa bado upo ukutani. Oresta aliutazama mpaka macho yakamuuma.

Alikuwa akiuvua ushanga kila alipotoka. Ulikuwa kitu cha watu, na Mwangwi walikuwa wameandika kwamba usilowe. Naye alilelewa kwamba kitu ulichoazimwa unakitunza kuliko chako. Kwa hiyo kila alipomsindikiza mtu kituo cha afya, katika mvua au katika vumbi, ushanga ulibaki msumarini umekauka na salama. Mara kumi na saba katika siku arobaini alitembea na akina mama, na mashine haikusikia hata hatua moja. Ilijua maneno ya kufariji na ilijua unga. Katikati hapakuwa na kitu.

"Waonye," alisema. "Waambie nilikosea. Mtoto anayehema haraka apelekwe hospitali."

"Ujumbe huo unashusha imani," pacha akasema kwa upole. "Nitauombea kibali. Kibali huchukua siku kumi na nne."

"Wangapi ulioongea nao wiki hii wana mtoto anayehema vibaya?"

"Thelathini na mmoja."

*

Alimpigia Felista Chaula, wakala wa Mwangwi pale mjini. Walikaa dawati moja masomo ya jioni, wakigawana kalamu na maandazi, na ni Felista aliyemtafutia kiti katika Baraza wakati ambapo Oresta alikuwa akiuza unga kwenye beseni. Alifika na pikipiki yake ya umeme, akasikiliza yote amesimama, kofia ngumu bado iko kichwani.

Kisha akaeleza kwa mpangilio, kama alivyokuwa akieleza hesabu zamani. Pacha akifutwa leo, mazungumzo yote yanafutika naye, kwa sheria ya siri za wateja. Oresta atakuwa amenawa mikono, na wale thelathini na mmoja watabaki na sentensi yao bila mtu wa kuifuta. Pacha akifundishwa upya, ni siku arobaini nyingine, naye anaendelea kuongea. Oresta akipiga mwenyewe, kuna kanuni ya jina moja sauti moja, iliyowekwa kuzuia matapeli: anapoanza zamu ya kuongea yeye, pacha ananyamaza kwa wote. Saa sita za kimya, kiti kinakwenda kwa anayefuata. Na wanaofuata walikuwa wengi, wenye viwanda vya maana, sio wanawake tisa wa kikundi cha Oresta wanaochambua ulezi kwenye varanda ya kanisa.

"Isitoshe wengi wao ni mafua, mama Sekela. Wameshapona. Utawatisha bure."

"Wengi, ndiyo."

"Na mkataba unasema maneno ya pacha ni maneno yako. Ukitamka kwa mdomo wako kwamba uliwadanganya, umejifunga kamba mwenyewe."

Oresta alikuwa ameshachukua mfuko wa kaki na kalamu. Felista akavua kofia, na sauti ikabadilika, ikawa ya rafiki.

"Sikiliza, shoga. Wako wanawake huko milimani hawana wa kuongea naye tangu asubuhi mpaka giza. Huyo pacha ndiye dada yao. Utawanyang'anya na huyo?"

Hilo ndilo lililomgusa. Oresta aliwahi kuwa mwanamke wa namna hiyo, miezi ya kwanza ya Sekela, mume yuko safarini relini na nyumba imenyamaza mpaka anasikia jiko likipoa. Angempa nini wakati ule mtu wa kumwambia hata wangu alikuwa hivyo? Angempa chochote. Hata hivyo alimwambia pacha asome majina thelathini na mmoja na namba zao za simu, wenye watoto wadogo zaidi kwanza, akayaandika kwenye kaki moja baada ya jingine.

Felista alimtazama mpaka jina la mwisho. Kisha akasema kwamba saa kumi na moja itabidi apeleke taarifa, kazi ni kazi, na akanyoosha mikono.

"Niletee huyo mtoto. Utapigaje simu amekuvuta nywele?"

Akamfunga Sekela mgongoni. Ilikuwa saa tano kamili. Oresta alivaa kipuli, akafungua zamu yake, na kioo cha mezani kikaacha kuwaka.

*

Wa kwanza alikuwa ameshampeleka mtoto hospitali kwa akili zake mwenyewe. Wa pili mtoto alisikika nyuma yake akifukuza bata, na Oresta akacheka mpaka mwanamke akauliza kuna nini. Wa tatu alipokea mwanamume, akamwita mwizi wa sauti, akamwahidi polisi. Wa nne alisema asante kwa baridi, akakata. Wa saba alimtukana, matusi ya kutosha, halafu katikati ya matusi akasikika akimwambia mtu alete shuka na viatu, wanatoka. Oresta aliyapokea yote. Kila alipomaliza aliandika alama kwenye kaki na kuanza upya, maneno yale yale: mimi ni Oresta wa unga, nakupigia mwenyewe, sio pacha, niliambiwa mtoto anahema vibaya, yale uliyoambiwa si kweli. Mara ya kumi sauti ilikauka. Felista akamwekea chai.

Saa kumi na nusu alifika jina la kumi na tisa. Debora Mbwilo, Kipengere. Mtoto miezi minane.

"Wewe si yeye," Debora alisema baada ya kusikiliza yote.

"Mimi ndiye. Yule ni mashine iliyojifunza kwangu."

"Oresta namjua mimi. Haongei hivi. Wewe una haraka, na una sauti ya mtu anayedai."

"Nimeongea tangu asubuhi, dada. Nimechoka tu."

"Yeye hachoki." Nyuma ya maneno yake Oresta akasikia pumzi fupi fupi zikigongana, kama mtoto aliyekimbia. "Kama ilijifunza kwako, basi ilijifunza siku ulizokuwa mtu mzuri."

Felista alikuwa amesimama karibu, anasikia. Alimnong'oneza kwamba afanye rahisi: ashushe sauti, aongee kama pacha, amwite mpenzi. Amwambie hata wake alipelekwa zahanati na akapona. Uongo mmoja wa mwisho, na mtoto atafika.

Maneno yalikuwa tayari yamekaa ulimini. Hakuna aliyeyajua kuliko yeye. Na pengine yangefaa, leo. Lakini kesho Debora angeamka na ile sauti bado ikiwa ndani yake, inaaminika, na siku nyingine ingemwambia jambo jingine, na yeye angetulia nyumbani akingoja siku tatu ziishe.

"Debora," alisema. "Mtoto wangu hajawahi kuumwa kifua. Hata siku moja. Uliambiwa uongo, na uongo ule ni wa kwangu. Usiniamini basi. Usiniamini mimi wala yule. Mfunue mtoto, uangalie tumbo lake, na kila likipanda hesabu moja. Nina saa hapa. Nitakwambia tuache."

Oresta akasikia nguo ikifunuliwa, na sauti ndogo ya mwanamke anayehesabu akiwa na hasira. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Alihesabu haraka, hakuwa na namna nyingine, mtoto ndiye aliyeshika mwendo. Alipofika thelathini mshale wa saa ulikuwa haujafika nusu ya mzunguko. Alipofika arobaini hasira ilikuwa imetoka kwenye sauti.

"Sitini na tatu," Debora alisema. "Ulisema tuache?"

"Dakika imeisha. Mtoto wa miezi minane ikifika hamsini ni hatari. Imepita."

"Atakufa?"

"Sijui. Zahanati iko wapi?"

Ilikuwa ng'ambo ya mto mdogo, mwendo wa nusu saa, na mume alikuwa ameondoka na pikipiki. Oresta akamwambia asingoje mume. Ambebe mbele, sio mgongoni, amwinue kichwa. Debora akauliza kama atabaki kwenye kipuli, na Oresta akasema atabaki.

Basi wakatembea. Yeye alikuwa amesimama Makambako katikati ya magunia, na masikioni mwake matope yalikuwa yakivuta viatu vya Debora na kuviachia. Hawakuongea mengi. Debora alisema wamefika mtoni. Akasema maji hayajajaa. Mahali fulani alianza kulia, na Oresta hakumwambia asilie, alimwuliza tu kama anaona bati la zahanati. Bado. Baadaye tena akamwuliza. Bado.

Kioo cha mezani kiliwaka mara moja, taa ya njano. Dakika tano zimebaki saa sita zitimie. Felista alikitazama, akamtazama Oresta, akamtikisa Sekela aliyekuwa amesinzia. Oresta angeweza kufunga zamu, pacha akaongea dakika moja na kukiokoa kiti, kisha yeye akarudi. Debora angesikia kipuli kikinyamaza katikati ya kilima. Oresta akageuza kioo kikaangalia meza.

Kilipolia mara ya mwisho hakuna aliyekigusa. Felista aliandika taarifa yake kwenye simu ya ofisi, polepole, akaituma. Kisha akakaa juu ya gunia la mahindi na mtoto wa mwenzake mgongoni, mikono mapajani.

"Naliona," Debora alisema.

Hatua zikawa za mtu anayekimbia. Mlango ukagongwa. Sauti ya mwanamke mtu mzima ikatokea, ya muuguzi, ikiuliza tangu lini, ikisema mlete, mlete hapa, na mtoto akatoa kilio chembamba alipoguswa na kitu cha baridi. Oresta aliziba mdomo kwa kiganja asije akaongea. Vyombo vililia. Mashine fulani ikaanza kupuliza.

"Yupo mtu unaongea naye hapo," muuguzi alisema. "Ni nani wako?"

Debora alikuwa bado anatweta. Alichukua muda kulitafuta neno, na Oresta akalisubiri pamoja naye.

"Muuza unga," alisema Debora, akavua kipuli.

Oresta alibaki ameshika ukingo wa meza. Alikunywa chai iliyopoa, yote, akafuta midomo kwa mkono. Kisha akauvuta mfuko wa kaki karibu, akaweka alama kwenye jina la kumi na tisa, na kupiga la ishirini.